Nani Kaiba Milimita Zako?

Haya ni maneno niliyoyasema jioni ya Jumamosi mbele ya wenye magari wenzangu, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kiti na kwa maji.

Waliokaa upande wa geti wameona wenyewe. Robo saa iliyopita limeingia gari hapa, taa zinawaka, na mwanga haukupiga ukuta. Umepiga mwembe, tena matawi ya juu, mpaka kunguru waliokuwa wameshalala wakaanza kugombana. Mwenyewe yupo, anacheka, simtaji. Mbele liko juu, nyuma limekaa chini kama mtu anayefua nguo. Sisi gereji tunasema gari limechuchumaa.

Mimi ni fundi wa miguu ya gari, yaani springi, shokapu na mikono ya chuma inayoshika tairi. Injini siijui kihivyo, rangi ndiyo kabisa usinipe. Lakini chini ya gari nimelala miaka mingi, na katika kazi za kushusha magari hakuna kesi ninayoletewa kama hii: nimefunga springi fupi, mbele pamekaa vizuri, nyuma pamezama. Kila anayeniletea ameshanunua kitu. Wengine wameshanunua vitu vitatu.

Siwacheki, maana na mimi nimepitia huko huko, tena nikiwa tayari najiita fundi. Nilikuwa na Subaru Impreza ya 2003, ile yenye nyuma ndefu ya familia. Nikanunua springi za kushushia, seti moja yenye springi nne, boksi limeandikwa mbele milimita 30, nyuma milimita 30. Nikazifunga Jumapili mwenyewe, nikaliteremsha kwenye jeki, nikarudi nyuma hatua kumi kuangalia urembo wangu. Mbele, maridadi. Nyuma, tairi limemezwa na fenda.

Nikasema, shokapu zimechoka. Nikanunua shokapu mpya mbili za nyuma kwa pesa ambayo mama watoto alikuwa na kazi nayo. Nikafunga. Gari likapanda unene wa sarafu.

Hapo nilistahili kuchekwa, kwa sababu nilikuwa nimesahau jambo la kwanza kabisa la kazi yangu. Gari linabebwa na springi. Shokapu habebi mtu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka ukishapita tuta. Ile ya gesi ina msukumo kidogo kwenye shafti yake, ndiyo maana ukiibonyeza kwa mkono inarudi yenyewe, lakini msukumo huo ukiufikisha kwenye gari zima ni milimita chache tu. Kama unabisha, tafuta Volkswagen Golf ambayo springi ya nyuma iko peke yake na shokapu iko peke yake, likiwa limesimama kwenye tairi zake fungua bolti ya shokapu, ichomoe. Gari halishuki kitu cha kuonekana. Ukilisukuma litanesanesa kama kitanda cha zamani, basi. Kwa hiyo mtu akikwambia gari limelala nyuma kwa sababu shokapu zimekufa, muulize anazungumzia gari gani. Yapo ambayo maneno hayo ni kweli, nitayafikia.

Niendelee na aibu yangu. Baada ya shokapu nikanunua zile raba zinazozungushwa katikati ya koili za springi, zinauzwa kila duka la spea, zimepangwa vizuri kwenye nailoni. Gari likapanda, na likawa gumu kama mkokoteni. Nikazitoa. Rafiki yangu mmoja akanikerezea spesa, yaani vipande vya kujazia nafasi, za milimita 20 za kukaa juu ya mauntini, kile kitako kinachoshikisha kichwa cha mguu kwenye bodi. Nikafunga. Likapanda pande zote, lakini kushoto bado pako chini kuliko kulia, na nikipita matuta ya rasharasha kuna kitu kinagonga, ka-ka-ka-ka, pale pale kushoto.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja fundi mwashi. Gari hajui hata pa kutilia oili. Akanikuta nimechutama nyuma ya gari, jicho moja nimelifumba, akaniuliza: sakafu yako hii umeipima? Nikamwambia, mzee, tatizo ni gari. Akaenda zake ndani, akarudi na levo ya mpira, ule mpira mwembamba unaoona maji ndani, tukashika huku na huku. Uwanja wangu ulikuwa unainamia kushoto sentimita mbili kutoka tairi hadi tairi. Nimelala juu yake miaka, sijui.

Tangu siku ile sifungui nati kabla ya kupima. Na nikisema kupima sisemi kuangalia, wala kuingiza vidole kati ya tairi na fenda. Vidole vyangu na vyako si sawa, na tairi lililoisha na tairi jipya havifanani urefu. Tafuta mahali palipo sawa, uhakikishe kwa mpira wa maji. Upepo wa tairi uwe sawa kushoto na kulia. Buti litoke kila kitu, maana watu mnatembea na nyumba. Tangi liwe kiasi unachokijua, nusu kwa mfano, na siku ya kupima tena liwe nusu hiyo hiyo. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, gari likishateremshwa kutoka kwenye jeki usilipime. Tairi zimeshuka kwa kubanwa pembeni, zimeng'ang'ania sakafu, na gari linabaki juu kwa uongo. Lisukume mbele mita tano, lirudishe, libonyeze kila kona mara mbili tatu, liachie lenyewe litulie. Ndipo uchukue futi, uweke mwanzo wake katikati kabisa ya rimu, uinyooshe wima juu mpaka ukingo wa fenda. Andika. Kona nne, namba nne. Usizikariri, andika.

Mimi kabla ya kushusha sikuwa nimepima, basi nikaenda kuazima namba kwa jamaa mwenye Impreza kama yangu ambayo haijaguswa. Yake ilisoma 385 mbele na 372 nyuma. Angalieni hapo. Gari halijaguswa na mtu, na tayari nyuma panasoma pungufu milimita 13. Tulipopima kizingiti chini ya milango, mbele na nyuma vilikuwa karibu sawa na ardhi. Maana yake mwili wa gari haujainama. Waliolichora walikata fenda ya nyuma chini zaidi kuliko ya mbele, na gari likiwa kwenye urefu wake wa kiwandani nani anaangalia? Ukilishusha, nafasi juu ya tairi ikabaki finyu, hizo 13 zinakuwa kila kitu. Marekani na Uingereza wenye Impreza za kizazi hiki wanalilalamikia jambo hili miaka nenda rudi, na huko ziliuzwa spesa kwa ajili ya makalio ya Subaru peke yake. Kwa hiyo mwizi wa kwanza ni jicho lako. Milimita 13 sikuibiwa, sikuwahi kuwa nazo.

Sasa zilizobaki. Nilitoa spesa, nikabaki na springi peke yake. Mbele 355 pande zote mbili, sawasawa na boksi. Nyuma nilitegemea 372 toa 30, yaani 342. Kulia nikasoma 333. Kushoto 328. Kulia zimekosekana 9, kushoto 14.

Mkipata namba kama hizo msikimbilie dukani. Kaeni nazo kwanza. Kinachokosekana pande zote mbili kwa kiasi kimoja ni jambo la gari zima: uzito, au springi zenyewe. Kinachokosekana upande mmoja ni jambo la kona ile, mara nyingi ni namna ilivyofungwa. Mimi nilikuwa na 9 za wote na 5 za kushoto peke yake.

Zile 9 nilizipata kwenye buti. Nilikuwa nimefunga mfumo wa gesi ya kuendeshea gari badala ya petroli, kama wengi wenu hapa, na mtungi wa chuma wa lita 60 uzito wake haupishani sana na kilo 60. Tena umekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo mzigo wote unaenda nyuma, na kidogo unachukuliwa kutoka mbele kuongezwa huko. Springi zangu za nyuma zilikuwa za kilo tatu na nusu kwa milimita. Hiyo ndiyo lugha ya Wajapani: kila kilo tatu na nusu unayoiongeza juu ya springi moja, inakubali milimita moja. Springi mbili, kilo saba kwa milimita. Gawanya 60 kwa 7, unapata nane na nusu na ushee. Kumbuka aliyetengeneza springi ile aliko hajui kama kuna mtungi. Alipima gari tupu.

Hesabu hii mnaweza kuifanya wenyewe. Boksi la spika za besi, kilo 25 na zaidi. Tairi la spea la ukubwa wa mwanzo badala ya lile jembamba. Bomba la kuvutia trela. Kila kitu kina milimita zake.

Zile 5 za kushoto ziliniuma zaidi, maana mwizi alikuwa mimi. Nilifungua mguu tena, nikautazama vizuri. Springi haikai chuma kwa chuma. Juu kuna kitako cha raba, na kwenye sahani ya chini kuna kijishimo, au ukingo uliokatwa, ambapo mkia wa springi unatakiwa uje uguse na kusimama. Kulia nilikuwa nimeweka raba. Kushoto, raba nilikuta imekaa kwenye kopo la nati, imetulia, imejaa grisi. Siku ile ya Jumapili niliitoa, nikaiweka pembeni nisiisahau. Unene wake milimita 5. Na ule mgongano wa kwenye rasharasha ndio ulikuwa huo, springi inagonga bakuli lake la juu.

Mama mmoja pale nyuma ameniuliza kama mkia kukaa vibaya nao unabadilisha kimo. Ndiyo, mama, unabadilisha. Springi ni ngazi ya mzunguko. Ukiizungusha, mkia ukapanda juu ya ukingo badala ya kukaa ndani ya nafasi yake, umeinyanyua upande mmoja na umeipinda. Gari linakaa juu kwa siku chache, halafu siku moja kwenye shimo mkia unaruka mahali pake, paa! Dereva anadhani kimekatika kitu.

Basi nikarudisha raba. Mtungi sikuutoa, ule ndio unaoweka chakula mezani. Nikakereza spesa mbili za milimita 9, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mahali pa kuweka spesa ni jambo ambalo hata mafundi tunabishana.

Kwenye mguu ambao springi imevikwa juu ya shokapu, spesa ina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni juu kabisa, kati ya mauntini na bodi. Ni rahisi, huna haja ya kubana springi. Ukiweka 20 pale, mguu mzima umesogezwa chini 20, fenda imepanda, jicho limefurahi. Lakini shokapu yenyewe haijui kilichotokea. Kama springi fupi imeshaikandamiza mpaka shafti imebakiza vidole viwili kabla ya kugonga raba yake ya kuzuia, bado imebakiza vidole viwili vile vile. Tuta lile lile litagonga vile vile. Na ukilinyanyua gari, tairi sasa linaning'inia chini zaidi kuliko ilivyokusudiwa, mpira wa breki umevutika, na mkono wa driveshafti, ule unaozungusha tairi, umepinda kuliko ulivyozoea. Halafu stadi za mauntini, zile bolti zilizosimama juu yake, zinakuwa fupi. Nati ikishakazwa, nyuzi lazima zitokeze juu yake. Ukiona nati imemeza nyuzi zote na mdomo wake wa juu uko tupu, hilo gari usilichukue. Badilisha stadi kwanza.

Nyumba ya pili ni kati ya springi na kitako chake. Hapo lazima uvue mguu, ubane springi, na klempu za kubania springi jamani siyo za kuchezea. Springi iliyobanwa ikikuponyoka haikuvunji kidole, inaweza kukuua. Lakini ukiweka 9 pale, bodi limepanda 9 na shafti ya shokapu imetoka 9. Umerudishiwa nafasi ya kufanyia kazi. Mtungi ulikuwa umenila milimita 9 za shokapu, nikazirudisha mahali pale pale zilipoibiwa. Namba baada ya hapo: kulia 342, kushoto 341. Ile tofauti ya 13 na mbele nikaiacha. Ningeweza kuijaza kwa ajili ya jicho tu, sikuona sababu.

Spesa iwe alumini au nailoni ngumu iliyokerezwa, ikae bila kucheza. Nimekuta za mbao. Nimekuta kipande cha tairi la lori kimekatwa kwa msumeno. Na zile raba za katikati ya koili sizipendi: zinaziba koili mbili zisifanye kazi, springi inabaki na koili chache za kubeba mzigo ule ule, ndiyo maana gari linakuwa gumu, na chuma kinachoka pale raba inapoishia.

Magari mengine hesabu yake ina mkunjo. Kwenye Impreza ile springi imesimama karibu sana na tairi, milimita ya springi ni kama milimita ya tairi. Ila kwenye Golf la kizazi cha tano springi imekaa kwenye mkono wa chini, mbali na tairi, karibu na katikati ya gari. Ni kama mlango: ukisukuma karibu na bawaba sentimita moja, kitasa kimekwenda mbali zaidi. Tuseme springi inasogea milimita 7 tairi linaposogea 10. Ukiweka spesa ya 10, gari linapanda kama 14. Jamaa aliweka 20 akitaka 20, likapanda karibu 29, sasa mbele ndiko kukaonekana kumezama. Alirudi na gari lililosimama kama linakwenda kusujudu.

Na hiyo inanipeleka kwenye ugonjwa wa pili, wa nyuma kukataa kushuka. Umefunga springi fupi, nyuma pako juu vile vile, au pameshuka nusu. Wengi wanalaumu springi. Mimi kwanza nauliza: bolti za mikono mlizikazia wapi? Bushi za raba, zile za kwenye viungo vya mikono, nyingi hazizunguki. Bomba la ndani limegandishwa na raba, raba imegandishwa na bomba la nje, mkono ukipanda na kushuka raba inajikunja tu. Sasa fundi ananyanyua gari, miguu inaning'inia, anafunga kila kitu, anakaza kwa nguvu zake zote huku mikono imeelekea chini. Amekwishaiambia bushi: nyumbani kwako ni hapa. Gari likiteremka, kila bushi inavuta kurudi nyumbani, yaani inalinyanyua gari. Mkiwa na bushi sita upande mmoja ni milimita za kutosha kumdanganya mtu. Miezi michache bushi zinachanika, gari linashuka ghafla, na mwenyewe anasema springi zimekwisha.

Dawa yake haina gharama. Legeza bolti za bushi zote, weka jeki chini ya habu, pale tairi linapofungwa, pandisha mpaka futi isome namba yako ya gari likiwa limesimama, kwangu mimi 342, ndipo ukaze. Huoni sasa kwa nini nilitaka uiandike? Fundi asipokuwa na namba ile anakazia hewani.

Nilisema kuna magari ambayo shokapu kweli hubeba. Baadhi ya Subaru Forester, kizazi cha pili hasa, zilitoka na shokapu za nyuma zinazojipima zenyewe. Ndani kuna pampu inayoendeshwa na barabara: kila kibonde shafti inapanda na kushuka, mafuta yanasukumwa kwenye chumba chenye presha, na baada ya mwendo mfupi nyuma imejinyanyua ikafika kimo chake hata ukipakia magunia. Kwa kuwa shokapu inasaidia kubeba, wakaweka springi laini. Hapo ndipo mtego ulipo. Shokapu zile zikifa gari linachuchumaa, na mtu akinunua shokapu za kawaida akaziweka na springi zile laini, litachuchumaa milele. Na mwingine anafunga springi za kushushia zilizotengenezwa kwa gari lisilo na mfumo ule huku shokapu zake bado hai: nyuma hakushuki, shokapu inapigana na springi. Ukiuacha mfumo ule, uuache wote, shokapu na springi, jozi kwa jozi za gari la kawaida. Ukikuta shokapu ya nyuma ya Forester nene kuliko ndugu yake na bei yake dukani imekushtua, uliza kabla hujalipa.

Springi za sedani, gari lenye buti lililojitenga, kufungwa kwenye gari la familia, hiyo niiseme kwa kifupi: Legacy ndefu ina vioo na chuma na mlango mzito nyuma ambao sedani haina. Soma namba iliyochapwa kwenye koili, usiamini stika ya boksi, na hakikisha za mbele hazijaenda nyuma. Inatokea. Na springi mpya zinakaa, zinashuka milimita chache wiki za mwanzo, kwa hiyo usikereze spesa siku ya kwanza.

Wale wa kukata springi kwa grainda nadhani mnajua ninachofikiri. Kuna wanaozipasha moto kwa gesi mpaka ziwe nyekundu zijilaze. Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, wewe unaufuta kwa moto wa kubahatisha. Springi hiyo itaendelea kulala kila wiki, upande mmoja zaidi ya mwingine. Wakiniletea, sipimi.

Sasa turudi kwenye mwembe. Taa. Nyuma likishuka, mbele linaangalia juu, na anayekuja mbele yako Barabara ya Bagamoyo saa mbili usiku haoni kitu. Magari yenye taa za zenoni mengi yana kijimkono chembamba kwenye mguu wa nyuma kinachopeleka habari kwa injini ndogo ya taa. Ukishusha, kijimkono kinasema gari limepakia, taa zinainama chini sana. Ukiweka spesa, habari inabadilika tena. Kwa hiyo taa hupangwa mwisho, baada ya kimo. Zisizo na kijimkono, skrubu iko nyuma ya taa, na ukuta ulionyooka unatosha.

Wenye Hiace na Hilux mnisikilize kuhusu breki. Nyingi zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi ndogo. Vali ile inapima mzigo kwa kuangalia nyuma kumeshuka kiasi gani, mzigo ukizidi inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukilishusha gari, vali inadhani umejaza abiria, na ukikanyaga breki kwenye mvua gari tupu, tairi za nyuma zinajifunga na mkia unataka kukupita. Ukilinyanyua kwa spesa inakuwa kinyume, breki za nyuma zinalegea. Fimbo ile ina mahali pa kurekebishia. Irekebishwe.

Kisha alaimenti, kupanga tairi zinavyoelekea, nayo baada ya kimo, siyo kabla. Gari lililoshuka tairi zake za nyuma huegemea ndani juu, lakini kinachokula tairi haraka siyo kuegemea, ni kutazamana: tairi mbili zikiangalia ndani au nje zinajisugua kila mita. Pitisha kiganja ukingo wa ndani wa tairi lako la nyuma, wengi hamjawahi kuugusa. Kama unachoma kama msasa upande mmoja, hujapanga.

Kijana mwenye kofia anauliza nini afanye ikiwa kona moja tu ya nyuma iko chini na amefungua mara mbili haoni kitu. Angalia kona ya mbele, upande wa pili. Gari ni kama stuli ya miguu minne, ukiurefusha mguu wa mbele kushoto, uzito unakwenda wa nyuma kulia, na huo ndio utakaokandamizwa. Nimeshamfungua mtu nyuma siku nzima, kumbe springi ya mbele imekaa nje ya kijishimo chake.

Giza linaingia na nimeahidi kuonyesha kwa vitendo. Nani ana futi? Ule mpira wa maji uko kwenye begi langu, mfuko wa mbele. Tuanze na hili la taa mwembeni, lisogezeni hapa kwenye zege, taratibu, lisukumeni msiliwashe. Na wewe mwenyewe njoo ufungue buti. Toa besi hizo kwanza. Na hilo jeneta la nani?